Mkono Kwenye Sinia

Zuena,

Umeenda Ngagara kuwaaga rafiki zako. Nimekuambia urudi kabla ya magharibi, ukanijibu "iyo mama", ile ndiyo ya kwetu, kwa ile sauti ambayo sote wawili tunajua maana yake. Basi nina muda. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu imekataa, na kesho alfajiri basi la Dar es Salaam halitamngoja mtu. Nyumba imeshafagiliwa. Wageni waliokuja kukuaga wamerudi Buyenzi na masufuria yao. Nimekaa kwenye meza ya kulia na kalamu mkononi kama mwanafunzi anayengoja swali lisomwe.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha, wala nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa. Hayo nimeyasema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Wala sitakufundisha Kiswahili cha huko. Watakucheka ukisema "apana" na "mutoto", kisha watazoea.

Ninachotaka kukuandikia ni kitu kilichotokea leo jikoni, ulipokuwa umeenda kununua barafu. Uliporudi ulimkuta Bibi yako amekaa mkekani, ukapiga kelele, ukamrukia shingoni hadi mfuko wa barafu ukamwagika. Hukuuliza kwa nini amekuja. Mimi nilikuwa nimeshajua, na nadhani ni haki yako kujua, kwa sababu aliyemleta ni wewe.

Lakini nikianza na jikoni, utaliona jambo dogo. Niache nirudi nyuma.

Mimi nilikua nikiwa mtoto wa mwosha maiti. Katika mitaa yetu ya Buyenzi, mwanamke akifariki, kabla watu hawajalia vizuri kuna mtu anatumwa kumwita mama yangu. Alikuwa akirudi jioni ananukia kafuri na majani ya mkunazi, anakaa kizingitini, anavua viatu, haongei. Sisi watoto tulijua kutomsumbua. Baadaye alikuwa anaingia jikoni kama kawaida, anakanda unga, na tulikula. Watu walimbusu ule mkono barabarani. Kwenye maharusi alikuwa akitoa tonge la kwanza na kuwalisha wakwe, na hakuna aliyewahi kuuliza ule mkono asubuhi ulikuwa wapi.

Ndiyo maana sikuwa tayari kwa yaliyonipata.

Nilikuzaa nikiwa bado nasoma udaktari, baba yako akafariki hujaanza kutembea, na huyo mama yangu, Bibi yako, ndiye aliyekubeba mgongoni ili mimi nimalize. Kisha nikaenda ng'ambo kusomea ile kazi ya kuchunguza maiti, ambayo kwa Kifaransa wanaiita kwa jina zuri la sheria na tiba, na Buyenzi wanaiita kwa neno moja: kupasua. Nilirudi nikiwa bado kijana sana. Siku yangu ya kwanza polisi mmoja alinikuta mlangoni nimevaa koti jeupe, akanipa kofia yake nimshikie.

"Tunangoja docteur," akasema.

"Ni mimi."

"Apana binti, ule mukubwa."

Nilimrudishia kofia yake nikaingia kazini. Hiyo niliicheka. Iliyonishinda kuicheka ni harusi ya kwanza niliyokwenda baada ya kurudi. Niliingia uani nimejifunga kitenge kama wanawake wote, nikachuchumaa penye vitunguu, nikachukua kisu. Dada yangu Mwamini, mama yako mkubwa, akakitoa mkononi mwangu taratibu sana.

"Dokta, we umechoka. Kaa kwenye kiti."

"Sijachoka."

"Umechoka. Mutu wa masomo anachoka bila kujua." Kisha akawageukia wenzake. "Na ukimpa huyu kisu, nyama yenyewe itaanza kutoa ushahidi!"

Wote walicheka. Hata mimi nilicheka. Chakula kilipoiva, wanawake walikaa kuizunguka sinia, na mimi nikaletewa sahani yangu peke yangu. Unaikumbuka ile sahani, ya kioo, yenye maua pembeni, na kijiko kinachong'aa juu ya wali. Sahani ya heshima, walisema. Tangu siku hiyo, harusi, maulidi, kisomo, Iddi, mimi nilikuwa nakula kwa kijiko, kwenye kiti, nikiwatazama dada zangu kutoka juu wakigongana mikono kwenye sinia moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani hili ni suala la usafi. Niliwapa somo. Niliwaeleza kuhusu glavu, dawa, namna tunavyonawa hadi kwenye kiwiko, na nikawaambia kwamba ubao wao wa kukatia nyama una uchafu kuliko meza yangu. Kila nililosema lilikuwa kweli. Mwamini alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ndiyo, dokta." Sherehe iliyofuata sahani ilikuwa ileile na kijiko kilikuwa kikubwa zaidi.

Baada ya hapo nikawa siendi ila kwa nadra. Nilikuwa natuma sukari na nyama, nawatumia na wewe. Ulikula kwenye sinia kwa niaba yetu wawili. Nilisikia baadaye, kwa Mwamini mwenyewe, kwamba siku moja ulipokuwa mdogo, bado una mapengo mdomoni, ulisimama katikati yao ukasema, "Mi nakula mukono ya mama kila siku, na sijakufa!" Walicheka hadi wakashika mbavu. Bibi peke yake hakucheka.

Mwisho nilimuuliza. Nilimfuata nyumbani, nikamkuta anachambua mchele.

"Mama, we unagusa maiti kuliko mi. Mbona wewe banakubusu mukono?"

Hakuinua macho. "Siyo kugusa."

"Ni kukata?"

"Kukata pia sipendi, lakini siyo hiyo." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Mi nikimaliza kumuosha mutu, nafunga mudomo. Kovu niliyoona, tumbo niliyoona, yote nimezika na yeye. We ukimaliza unaenda kusema. Mbele ya juge, mbele ya polisi, na batu bamejaa pale banasikiliza."

"Nisiposema, aliyemuumiza analala vizuri."

"Inawezekana," akasema. "Sikatai. Lakini mi mukono unaosema mambo ya batu, siwezi kula ndani yake."

Nilitoka nimekasirika. Nilijiambia kwamba mama ni mtu wa zamani, kwamba haelewi, na mambo mengine ambayo mtu aliyesoma hujiambia akiwa ameumia. Nilikuwa na hakika kwamba kazi yangu ni kusema, na kwamba kila ninachokiona kinadai kusemwa. Ilinichukua muda mrefu kujua kuwa maneno yake yalinigusa mahali ambapo nilikuwa kweli na kasoro. Nilijifunza kwa watu wawili. Mmoja ni mwanamke nisiyemjua jina lake vizuri. Wa pili ni wewe.

Mwanamke huyo alikuwa ametoka milimani, amevaa imvutano mbili, zile shuka za kufunga begani, moja juu ya nyingine kwa baridi ya safari ya asubuhi. Mwanawe alikuwa amegongwa na gari usiku, dereva akakimbia. Nilipomaliza kazi nikamkuta kwenye korido, amesimama, na akaniuliza swali moja tu. Aliteseka? Nilikuwa na haraka, nilikuwa na huruma, na sijui ipi iliniponza zaidi. Nikamwambia, "Apana mama, hakusikia kitu." Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Dereva alikamatwa baadaye. Mahakamani nikaulizwa kama kijana yule angeweza kuokolewa iwapo angepelekwa hospitali. Nilikuwa nimekula kiapo, nikajibu nilichokiona: alivuta pumzi kwa muda baada ya kugongwa, damu ilikuwa imeingia mapafuni. Ndiyo, huenda angeokolewa. Mwanamke yule alikuwa amekaa benchi ya mbele. Hakulia. Aliniangalia tu, akakusanya shuka zake, akasimama, akatoka kabla ya hukumu.

Nilimwongopea kwenye korido, kisha nikamwambia ukweli mbele ya watu wasiomhusu. Ningemwambia hata kipande cha ukweli palepale koridoni, angebaki na kitu.

Sasa wafiwa wakiniuliza, navuta viti viwili kwanza. Kama sijui, nasema sijui, na usidhani neno hilo ni jepesi kwa mtu aliyesoma kama mimi. Kama najua, naitazama sura ya anayeuliza, nasema, "Nina jibu. Nitakupa ukilitaka, leo au mwaka ujao." Wengine wanasema leo. Wengine wameniambia bado, na mmoja amekuwa akipita ofisini kila akishuka mjini, anaketi kwenye kile kiti, tunaongea habari za mvua, anaondoka bila kuuliza. Hiyo nayo ni kazi. Haimo katika masomo utakayosoma.

Wewe ulinifundisha kwa mkono. Ulikuwa umeanza sekondari. Ulirudi nyumbani na alama kwenye mkono, juu ya kiwiko, nikakuuliza, ukasema umeanguka leo shuleni. Mimi nikaona rangi ya manjano pembeni mwake. Rangi ile haiji siku hiyohiyo. Hilo ni moja ya mambo machache kuhusu michubuko ambayo tunaweza kuyasema kwa hakika. Kwa hiyo nilijua umeniongopea. Mama mwingine angekuuliza kama inauma. Mimi nilikuvuta penye taa. Niliugeuza mkono wako, nikaangalia upande wa ndani kama kuna alama za vidole. Kisha, Mungu anisamehe, nikaenda kwenye mkoba nikatoa rula.

"Mama," ukasema. "Mi siko maiti."

Ulisema polepole, bila hasira. Ukavuta mkono wako, ukashusha mkono wa shati, ukaenda kulala kwa Bibi kwa juma zima. Kuhusu rangi nilikuwa sahihi, na faida yake sijaiona mpaka leo. Yule aliyekuumiza, kama kuna aliyekuumiza, au mahali ulipoanguka, kama ulianguka, sijawahi kujua. Sikuulizi. Siku ukitaka, viti viwili vipo.

Kitu nilichogundua juma lile, nikiwa peke yangu hapa Cibitoke na nyumba kimya, ni kwamba nilikuwa nimejifunza kuwasoma watu wasioweza kukataa. Hata leo, harusini, nikimwona mjomba anapanda ngazi mbili na kusimama, nakuwa nimeshaandika mwisho wake kichwani. Nimejizuia mara nyingi nisiguse shingo ya mtu anayenisalimia. Ukiingia katika kazi hii hili litakupata. Huwezi kulizuia jicho. Unachoweza ni kuujua wakati wa kuuzuia mdomo na kuiacha rula mkobani.

Nawe pia ulikuwa ukinisoma, na hukuwa na shahada. Kuna siku nilikuwa narudi, nanawa, naoga, nabadili nguo, naingia jikoni nikiimba kidogo ili usijue. Ulikuwa unafanya hesabu za shule pale mezani. Nilikukumbatia kwa nyuma, kama kila siku, na ukasema bila kugeuka:

"Leo ilikuwa mutoto, eh?"

"Nani kakwambia?"

"Unanikaza zaidi."

Ukaendelea kuandika kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ukaushika mkono wangu pale pale kifuani pako hadi ukamaliza ukurasa. Sijui kama unakumbuka. Nimefanya kazi na watu wazima wenye vyeo ambao hawawezi kufanya ulichokifanya wewe siku ile, yaani kujua jambo, kulisema mara moja, kisha kunyamaza ukiwa bado umemshika mtu mkono.

Halafu ikaja Iddi ya mwaka jana. Ulikuwa umekaa kwenye sinia, mimi niko juu na kijiko changu, na Mwamini akakutania kama kawaida yake.

"Na we mademoiselle, ukimaliza shule unatuletea muchumba ama unatuletea diplome?"

"Diplome. Nataka kazi ya mama."

"Udokta?"

"Ile ya mama. Yenyewe."

Mikono yote ilisimama. Bibi alikuwa ameshakata tonge. Akalirudisha kwenye wali, akanawa. "Sawa," akasema. "Siku ya kumuaga huyu, musinihesabu." Akafunga kanga yake akaondoka, na wewe ukamfuata hadi barabarani, na sikusikia mlichoongea. Tangu siku ile hakuitaja safari yako. Ulipopata nafasi ya kusoma udaktari huko Dar es Salaam, watu wote walikuja kunipongeza, yeye hakuja. Kumtuma mtoto barabara ndefu hivi bila dua ya aliyembeba mgongoni, hilo nililibeba mwaka mzima. Nilifikiria hata kukuambia udanganye, umwambie utasomea macho au meno. Nashukuru sikukuambia, maana najua ungenitazama vipi.

Sasa Bi Zaituni.

Sambusa zake nilizila nikienda shule, na wewe pia. Rafiki wa Bibi tangu wakiwa wasichana. Mvua zilipokuwa zimeshika, alikutwa asubuhi ameanguka uani kwake, kichwa kimepasuka penye ngazi. Nyuma ya nyumba alikuwa amempangisha Furaha, yule mama wa Uvira anayeuza vitenge, na jana yake majirani waliwasikia wakigombana kwa sababu ya bomba la maji. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu. Mkongomani amemsukuma mzee. Polisi walimchukua Furaha kwa usalama wake na kwa tuhuma pia, na mwendesha mashtaka akaamuru mwili uje kwangu.

Unakumbuka kelele. Vijana wa familia walikuja hadi langoni kwetu. Walitaka azikwe siku hiyohiyo, na walikuwa na haki ya kutaka. Mwenzangu alikuwa safarini; hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi ile. Nilitoka nikawaambia nitaanza sasa hivi, nitamaliza mapema niwezavyo, na atarudi kwao akiwa ametunzwa. Mmoja akatema mate karibu na mguu wangu. Nilikwenda.

Ninachokiandika hapa kilisemwa hadharani, kwa hiyo sivunji siri. Mimi huanza na mikono ya mtu kila mara. Chini ya kucha za Bi Zaituni kulikuwa na unga. Hapakuwa na alama ya kushikwa, wala kuvutwa. Kidonda cha kichwa kilikuwa kidogo kuliko kilivyoonekana. Kilichomuua kilikuwa ndani: mshipa dhaifu, pengine alikuwa nao miaka mingi, ulipasuka. Kifo kilikuja kwanza, kuanguka kukafuata. Nililisema hilo kwa mwendesha mashtaka, kisha kwa familia, nikiwa nimeketi nao, kwa Kiswahili cha kwetu, bila neno la Kifaransa. Furaha alirudi nyumbani. Bado anakaa pale. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa kichwa, na hatujawahi kuliongelea.

Hayo unayajua. Nilichokuwa sikijui mimi, hadi leo mchana, ni nani alimwosha Bi Zaituni.

Bibi hakuwahi kumwosha mtu aliyepita mezani kwangu. Walikuwa wanaitwa wengine, na Buyenzi wote walijua hivyo. Nilidhani na safari hii ilikuwa hivyo.

Leo asubuhi niliwaona dada zangu wakiingia uani mmojammoja, na kila lango lilipofunguka niliangalia. Uliniona, ukajifanya hukuniona. Ulipotoka kwenda kununua barafu nilikuwa jikoni peke yangu nikitafuta sinia kubwa, na nikasikia viatu vikivuliwa mlangoni. Najua namna mama yangu anavyovua viatu.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mama."

Akaketi kwenye kile kibao kidogo. Akaangalia masufuria, akaangalia mimi. "Umekonda, Hadija. Hawa bamekuachia kupika mwenyewe?"

"Apana. Mwamini ndiye anapika. Mi natafuta sinia."

"Ah." Akavuta kanga yake magotini. "Zaituni nilimuosha mi."

Niliacha kutafuta sinia.

"Nilikataa. Mutoto wako alikuja kunichukua, mvua inanyesha. Nikamwambia, tafuta wengine, mi yule ametoka kwa mama yako siwezi. Akasema, 'Bibi, siyo mama anakungoja. Ni rafiki yako.' Akanipa viatu vyangu." Akacheka puani. "Ananipa viatu, kama mi ndo mutoto."

"Na yeye alikuwa wapi mkiosha?"

"Pale. Alimimina maji. Yule msaidizi wangu alikuwa mugonjwa. Mukono haukutetemeka, Hadija."

Nilikaa chini, juu ya gunia la makaa, na nguo yangu nzuri.

"Mi nilikuwa naogopa nitakachoona," akasema. "Nilijua nitakuta mutu ameharibiwa. Nikapitisha kidole kwenye mushono kutoka hapa hadi hapa. Nilitafuta fundo, sikuliona. Nikajua ni we."

Zuena, aliyenifundisha kushona ni yeye. Pindo za sare za shule, kizingitini pale pale, kabla sijajua kuandika vizuri. Alikuwa anafumua kazi yangu akikuta fundo kwa nje. Sindano ianzie ndani, alikuwa akisema, fundo libaki ndani, anayevaa asikwaruzwe. Sikuwahi kufikiri nilikoutoa mshono ule. Kila mtu aliyepita mikononi mwangu nimemfunga hivyo, nikidhani nimejifunza ng'ambo.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Tangu mvua za mwaka huu!"

Akashangaa kweli. "Sababu sisi hatusemi. Hata leo nimesema mushono tu. Mengine ni ya Zaituni." Kisha akainama kidogo. "Na huyu mutoto wako nilimwambia siku ile, ukitoka hapa, hukuona kitu. Alikwambia?"

"Apana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

"Basi ataweza," akasema. Akasimama, akachukua sinia niliyokuwa naitafuta, ilikuwa nyuma ya mlango, akatoka nayo.

Hiyo ndiyo iliyotokea. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuona, nililala nyumba moja nawe miezi yote hiyo, nisijue kwamba ulikuwa umesimama mahali ambapo mimi sijawahi kusimama, ukaona kazi ya mkono wangu na ya mkono wa Bibi juu ya mtu mmoja. Uliniona nikiumia kwa ajili ya Bibi. Neno moja lako lingenipa nafuu, nawe ulinyamaza, kwa sababu neno lile halikuwa lako. Siku ile ya rula nilidhani kunyamaza kwako ni mlango uliofungwa usoni mwangu. Leo nimejua umbo lake lingine. Nakuonea fahari ambayo hata sina pa kuiweka. Nimekuwa nikitembea nayo nyumba nzima tangu wageni waondoke.

Una miaka mingi ya kusoma kabla ya kuchagua. Ukifika huko ukapenda macho, au watoto wachanga, nenda. Usirudi kwenye meza yangu kwa ajili yangu. Lakini ukirudi, utakuja na vitu vyote viwili, kunyamaza kwa Bibi na kusema kwangu. Mimi nilikuja na kimoja nikakiokota kingine barabarani, kwa kuumiza watu.

Baada ya hapo ulikuwepo, uliyaona mwenyewe, ila nadhani ulicheka kwa sababu nyingine. Mwamini alileta sahani yangu ya maua, kijiko juu. Bibi akanyoosha mkono, akakichukua kile kijiko, akakitia kwenye chai yake, akakoroga. Akakoroga, akakoroga.

"Mama, hicho ni cha Dokta," Mwamini akasema.

"Mi nakihitaji."

"Nikuletee kingine?"

"Hiki kinanitosha. Yeye ana mikono."

Ulicheka kwa sababu Bibi hanywi chai yenye sukari, hana cha kukoroga. Mimi nilishuka kwenye kiti. Mwamini alinitazama, akamtazama mama, kisha akasogea kidogo, akavuta kanga yake ili nipate pa kukaa, akasema, "Haya, njoo, lakini nyama ya upande huu ni yangu." Nilinawa. Sijui kama uliona kwamba tonge la kwanza lilinimwagikia. Nilikuwa nimesahau namna ya kulikata. Bibi aliona. Alikata lingine, akalisukuma upande wangu, akaanza dua yako.

Nasikia lango. Magharibi imeshapita zamani, kama nilivyojua. Barua hii utaikuta begini, chini ya kamba, na juu ya bahasha nitaandika usiifungue kabla ya mpaka. Nitakushika kesho stendi, na huenda nikakukaza zaidi. Safari hii usitafute sababu nyingine ila wewe.

Wali wako nimeufunika pale mezani, kwenye ile sinia ndogo. Nami sijala. Sijaweka vijiko.

Mama